MREJESHO: Zile riwaya za upelelezi za Uingereza za wakati wa vita

Wakuu, niliwauliza nianze na riwaya gani za upelelezi za Waingereza zilizoandikwa wakati wa Vita vya Pili halafu zikasahaulika, mkanitajia E.C.R. Lorac na Christianna Brand. Nimeshazisoma, asanteni sana.

Nilianza na Murder by Matchlight ya Lorac, ya 1945. Aisee! London taa zote zimezimwa usiku kwa amri ya serikali kukwepa ndege za Wajerumani, jamaa kakaa zake kwenye benchi Regent's Park, mtu anawasha kiberiti pale kwenye daraja, na kwa ule mwanga wa sekunde chache jamaa wa benchi anaona sura nyingine nyuma ya huyo mwenye kiberiti, kiberiti kinazima, puu, maiti. Yaani shahidi yupo palepale na hajaona kitu. Inspekta Macdonald anaanzia hapo, na mi nililala usiku wa manane.

Ile Green for Danger ya Brand (1944) ni hospitali ya jeshi kule Kent, mbeba barua mmoja wa posta anafia kwenye meza ya upasuaji hata kisu hakijamgusa. Kwangu hii ndo kali zaidi, ila muuaji sisemi, kasomeni wenyewe.

Kuzipata si shida, British Library (maktaba ya taifa ya Uingereza) wamezichapa upya zote mbili. Lorac kaandika nyingi balaa, baadhi zinapooza katikati kwa mahojiano marefu, ila nishaagiza Checkmate to Murder.