Mistari mipya ya jedwali inaangukia chini ya jumla

Kijana wa Chikongola, Mtwara

Habari zenu wakuu. Ninatengeneza ukurasa wa wavuti, kwa HTML na JavaScript, wa kuandikia korosho zinazopokelewa kwenye mizani ya chama cha msingi, huku Tandahimba. Jedwali lina `thead` yenye majina ya safu, `tbody` yenye mstari mmoja kwa kila mzigo (namba ya stakabadhi, daraja, kilo), na `tfoot` yenye jumla ya kilo. Karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, ninaita `jedwali.insertRow(-1)`, lakini mstari mpya unakaa chini ya jumla. Nilipojaribu `jedwali.insertRow(jedwali.rows.length - 1)` ukapanda juu ya jumla, nikadhani yamekwisha. Ajabu ni kwamba mistari hiyo inatoka kwa herufi nzito kama jumla yenyewe, na ninapofuta yaliyomo kwenye `tbody` ili kuanza siku mpya, yote inabaki palepale. Naombeni msaada.

Fundi wa Shangani

Ndugu yangu, hesabu yako haina kosa. Mlango uliobisha ndio sio. `rows` ya jedwali zima hukusanya kwanza mistari ya `thead`, kisha ya `tbody`, na mwisho ya `tfoot`, hata kama `tfoot` imeandikwa juu zaidi katika msimbo. Ukiipa `insertRow` namba -1, kivinjari huutafuta mstari wa mwisho wa mkusanyo huo, ambao kwako ni ule wa jumla, kisha huuongeza mstari mpya ndani ya mzazi wake, yaani `tfoot`. Ulipopunguza moja, uliagiza mstari uwekwe mbele ya ule wa jumla, nao ukaingia kwa mzazi yuleyule. Machoni umekaa mahali pake, kumbe bado ni mgeni ndani ya `tfoot`, na ndiyo maana umevaa herufi nzito na kunusurika ulipofuta.

Kila sehemu ya jedwali ina `rows`, `insertRow` na `deleteRow` zake yenyewe, na namba zake huanzia 0 ndani ya sehemu hiyo. Kwa hiyo zungumza na mwili (`tbody`) moja kwa moja:

`const mwili = jedwali.tBodies[0];`
`const mstari = mwili.insertRow();`
`mstari.insertCell().textContent = stakabadhi;`

`tBodies` ni mkusanyo kwa sababu jedwali moja linaruhusiwa kuwa na `tbody` nyingi. Ungeweza hata kutenga moja ya daraja la kwanza na nyingine ya daraja la pili. `tHead` na `tFoot` hurudisha kitu kimoja tu.

Mwana Nachingwea

Naongezea kuhusu kufuta. `rows` hubadilika papo hapo kila mstari unapoondolewa, kwa hiyo kitanzi kinachohesabu kutoka 0 kwenda juu kitaruka mstari mmoja baada ya mwingine. Tumia `while (mwili.rows.length) mwili.deleteRow(-1);` au `mwili.replaceChildren()`.

Vilevile, ukiandika `tr` (mstari) moja kwa moja ndani ya `table` katika HTML, kivinjari hukuwekea `tbody` chenyewe. Ukiliunda jedwali kwa `createElement` na `appendChild` hakikuwekei, na `tBodies[0]` itakuwa tupu mpaka uite `createTBody()`. Mimi hilo lilinikesha usiku mzima.

Kijana wa Chikongola, Mtwara

Ahsanteni sana, jumla sasa imetulia chini. Limebaki moja: ningependa namba ya stakabadhi iwe `th` (seli ya kichwa) na si `td` (seli ya kawaida), lakini `insertCell` sioni pa kuielekeza.

Fundi wa Shangani

Hakuna pa kuielekeza. `insertCell` hutoa `td` siku zote. Unda `th` kwa `document.createElement("th")`, iwekee `scope = "row"` ili msomaji anayetumia programu ya kusomewa skrini ajue kilo zile ni za stakabadhi ipi, halafu `mstari.append(th)` kabla ya kuongeza seli nyingine.