Oili gani inafaa Altezza ya 2001: 5W-30, 10W-40 au 20W-50?

Kijana_wa_Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Altezza ya 2001, nimeinunua kwa mtu mwezi uliopita. Jumamosi namwaga oili na nimeshapewa ushauri wa aina tatu. Muuza spea anasema 5W-30 sintetiki, fundi wangu kang'ang'ania 20W-50 kwa kuwa gari ni la zamani, jirani anatumia 10W-40. Hela ninayo ya galoni moja tu. Nisaidieni.

Spana14
Mkuu, mambo ya maana yote hujayasema. AS200 au RS200? AS ina 1G-FE ya silinda sita, RS ina 3S-GE ya silinda nne yenye VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka) kwenye kemshafti zote mbili. Kilomita ngapi? Inatoa moshi? Inapunguza oili?

Mzee_wa_Gerezani
Weka 20W-50. Kwa joto hili la Dar oili nyepesi inakuwa maji. Nimeendesha Toyota tangu enzi za yale magari ya Corona na sijawahi kuua injini.

Spana14
Shikamoo mzee wangu, ila hapo sikubaliani nawe. Namba ya pili ni unene wa oili ikiwa ya moto, inapimwa ikiwa na nyuzi 100, na injini iliyokwisha kupata moto thamosteti inaishikilia palepale, uwe Dar au Njombe. Halafu VVT-i inasukumwa na presha ya oili kupitia vali yenye chujio dogo sana. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika huko juu.

Mzee_wa_Gerezani
Marahaba. Lakini injini iliyochoka nafasi za beringi zimeshapanuka, oili nyepesi haishiki presha. Kitabu kiliandikwa gari likiwa jipya.

Mama_Kihonda
Naomba mnisikilize, maana hili limenigharimu injini nzima. RS200 yangu ilikuwa ya gia za mkono. Gereji moja ikaniwekea 20W-50, wakaniambia nitembee nayo kilomita 10,000. Nikatii. Ikaanza kugonga tik-tik kila asubuhi, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) ikawa inapanda na kushuka, taa ya injini ikawaka. Nikarudi, wakamimina dawa ya kusafisha ndani, wakaiunguruma robo saa, wakamwaga, wakaweka oili mpya. Siku tatu baadaye natoka Morogoro kuja Dar, kabla ya Chalinze taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilifikiri ni waya. Nikaenda nayo kama kilomita nne, injini ikaanza kunoki kama mtu anapiga nyundo bati. Tulipofungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), lile chujio la pampu lilikuwa limezibwa na utando mweusi mzito kama masizi ya chungu, ukiugusa unavutika. Sisemi 20W-50 peke yake ndiyo iliyoua. Iliyoua ni kukaa na oili muda mrefu, halafu kubandua uchafu wote kwa mpigo. Ila taa ile ikiwaka, zima gari hapohapo, hata kama uko porini.

Spana14
Pole sana dada. Na gari ulilonunua kwa mtu hujui historia yake, usikubali dawa hiyo. Mwaga kila kilomita 3,000 mara mbili tatu, itajisafisha taratibu.

Boxer_wa_Nakuru
Mbona hamtaji 5W-40? Impreza yangu ina EJ20 ya turbo na miaka yote ni hiyo. Oili za 30 za kiwango cha API SN fosforasi yake imewekewa kikomo cha asilimia 0.08, za 40 hazibanwi hivyo. Na 3S-GE kemu zake zinakandamiza vikombe vya vali moja kwa moja bila rola, kwa hiyo zinki inayokwenda na fosforasi hiyo inaihitaji.

Mzee_wa_Gerezani
Subaru inahusikaje hapa?

Kijana_wa_Tegeta
Samahanini kwa kuchelewa. Ni RS200 otomatiki, dashibodi inasoma 168,000. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Inapunguza kama lita moja kila kilomita 2,000.

Spana14
Moshi wa kuwasha unaokata mara nyingi ni vali sili (vimpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda). Ungetoka ukikanyaga mafuta ningehofia ringi za pistoni. Unene wa oili hauponyi sili. Pima kompresheni kwanza. Mimi ningeweka 5W-40 sintetiki, au hiyo 10W-40 ya jirani. Na mkanda wa taimingi (unaozungusha kemshafti) ulibadilishwa lini? Toyota wanasema kilomita 100,000.

Kijana_wa_Tegeta
Sijaona stika yoyote.

Mama_Kihonda
Basi fungua kava leo hii.

Kijana_wa_Tegeta
Nimefungua. Mkanda una nyufa ndogondogo upande wa nyuma na maandishi yamefutika kabisa. Hela ya oili inaenda kwenye mkanda. Nani anajua pa kupata mkanda halisi wa 3S-GE? Naogopa feki.

Mzee_wa_Gerezani
Njoo kesho asubuhi, nitakupeleka mwenyewe. Uje na namba ya chasi.

Boxer_wa_Nakuru
Badilisha na wota pampu hapohapo, inazungushwa na mkanda huo huo.