Folda iliyonakiliwa kutoka Linux haipo Windows, na kurudi Linux nako haipo

kamba_mbili
Habari wakuu. Kompyuta ina Windows 11 na Linux Mint, na patisheni (sehemu ya diski) ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ya GB 400 inayotumiwa na pande zote mbili. Nikiwa Linux nimenakili folda ya picha, kama GB 12, kwa `sudo rsync -a Picha /mnt/data/`. Haikulalamika, na picha zilifunguka. Kuingia Windows, folda haipo, hata nikionyesha vilivyofichwa. Kurudi Linux, haipo vilevile! Mafaili ya zamani yote salama, na SMART (kipimo cha afya ya diski) inasema diski ni nzima. Mstari wa fstab (faili linaloiambia Linux ipachike patisheni zipi inapowaka):

`UUID=... /mnt/data ntfs3 uid=1000,gid=1000,nofail 0 0`

Imeenda wapi, na inarudi?

sumaku
Mshukiwa wa kwanza ni Fast Startup. Ikiwa imewashwa, ukibonyeza Shut down Windows haizimiki kikamilifu: hulaza kiini chake kwenye diski pamoja na kumbukumbu ya hali ya patisheni. Linux ikiandika hapo katikati, Windows ikiamka hurudi na picha yake ya zamani ya patisheni na kuandika juu ya ulichoweka. Cha kushangaza, ni Restart ndiyo inayofunga kila kitu, siyo Shut down.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha `shutdown /s /t 0`. Amri ya kwanza inaondoa pia hibernate ya kawaida, kwa hiyo kama unaitumia, zima Fast Startup peke yake kwenye Power Options.

Na tafadhali usikimbilie `ntfsfix`. Jina linadanganya. Haitengenezi kama `chkdsk`, kikaguzi cha diski cha Windows; inasafisha logi na kuacha ukaguzi kwa Windows. Ukiiendesha wakati Windows imelala, unaondoa onyo lililokuwa linakulinda.

Kwa sasa usiandike chochote kwenye patisheni hiyo, wala usiendeshe `chkdsk D: /f` kabla hujachukua nakala nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski nzima) kwenye diski nyingine. Ukishaipata, jaribu TestDisk, kisha PhotoRec, programu za kuokoa mafaili yaliyopotea. PhotoRec huokoa picha bila majina yake. Kama ni SSD yenye TRIM (husafisha kabisa nafasi za mafaili yaliyofutwa), matumaini ni madogo.

mlango_wa_nyuma
Sumaku yuko sahihi kuhusu Fast Startup, ila kabla ya ddrescue soma tena mstari wa fstab. `ntfs3`, draiva ya Linux ya NTFS, ikikuta patisheni ina alama ya kutofungwa vizuri, hukataa kuipachika (mount, yaani kuiunganisha na folda) kwa kuandika. Kwa sababu umeweka `nofail`, Linux inaendelea kuwaka kimya kimya. Hapo `/mnt/data` inabaki folda ya kawaida tu ndani ya diski ya Linux. Mtumiaji wa kawaida angegomewa, lakini wewe umetumia `sudo`, na root (msimamizi mkuu wa Linux) hagomewi. GB 12 zikaingia kwenye diski ya Linux. Siku patisheni ilipopachikwa sawasawa, ilikaa juu ya folda hiyo na kuifunika. Ndiyo maana picha "zimetoweka" pande zote mbili.

Hakikisha hivi:

`sudo umount /mnt/data`
`ls -la /mnt/data`

Ikikataa kwa kusema iko kwenye matumizi, funga kidhibiti faili na terminali yoyote iliyosimama ndani yake. Ushahidi mwingine: `df -h /` itaonyesha nafasi ya Linux imepungua kwa kiasi hichohicho. Na `sudo dmesg | grep -i ntfs`, siku inapogoma, huonyesha maneno `volume is dirty`.

kamba_mbili
Mkuu, baada ya umount folda ya Picha hii hapa, GB 12 kamili. Nikipachika tena inapotea. Niihamisheje bila kuvuruga?

mlango_wa_nyuma
Patisheni ikiwa imeachiwa:

`sudo mv /mnt/data/Picha /home/jina_lako/`
`sudo chattr +i /mnt/data`
`sudo mount /mnt/data`
`findmnt /mnt/data`

`chattr +i` inaifunga folda tupu, hata root asiweze kuandika ndani yake patisheni isipokuwepo. Haizuii kupachika. Mara nyingine rsync itagoma kwa makelele, na hicho ndicho unachokitaka. Endelea kunakili pale tu `findmnt` inapotoa mstari wenye ntfs3. Ikinyamaza, patisheni haipo. Mount ikigoma, washa Windows, endesha `chkdsk D: /f` (D ikiwa ndiyo herufi yake huko), uzime kikamilifu.

herufi_ndogo
Angalia pia majina kabla ya kunakili. Linux inakubali `Kikao 14:30.mp4`, Windows haitaifungua kwa sababu ya nukta mbili. Vilevile `Mto.jpg` na `mto.jpg` ni mafaili mawili kwa Linux, lakini Windows ikiyaona yote mawili kwenye folda moja, kwa kawaida hufungua lilelile moja. Ya aina ya kwanza utayapata hivi:

`find Picha -name '*[:?"<>|*\\]*'`

Ukihamia draiva ya ntfs-3g, ongeza `windows_names` kwenye fstab, itakataa majina hayo papo hapo.

sumaku
Basi ddrescue haihitajiki. Ila `powercfg /h off` iko palepale. Bila hiyo alama itarudi, na mount itagoma tena.