Tupeane uzoefu: mfumo wa majaribio kwenye kompyuta ya zamani, RAM ilikugomea wapi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za leo. Kila toleo la majaribio la mfumo endeshi (Windows, Ubuntu na kadhalika) likitoka watu wanakimbilia kulipiga kwenye mashine waliyonayo, halafu malalamiko yanakuwa yale yale: nzito, inaganda, RAM haitoshi. Mimi naona lawama nyingi zinaenda pasipo pake. RAM uliyonunua dukani ni kitu kimoja na RAM ambayo mfumo utaiona ni kingine. Hapo katikati kuna prosesa, chipseti (chipu za mazabodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) na kadi ya picha, na kila kimoja kinaweza kukupunguzia. Tuelezane tulipokwama na tulivyojinasua. Tafadhali taja na mashine.

Naanza. Windows 7 Beta ilitoka kwa umma Januari 2009. Faili lake lilizidi GB 2, na SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ilikuwa haijafika kwetu (ilifika Julai mwaka huo), kwa hiyo kulishusha ilikuwa shughuli pevu. DVD niliipata kwa rafiki aliyekuja kutoka Dubai. Mashine yangu ilikuwa Pentium 4 ya mtumba yenye RAM MB 512, wakati Microsoft walitaka angalau GB 1. Ilikubali kuingia. Nikafungua Task Manager, dirisha linaloonyesha matumizi ya RAM, jumla ikasoma MB 447! Zilizobaki zilikuwa zimechukuliwa na kadi ya picha ya kwenye mazabodi, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe. Nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) nikaupunguza mgawo wake hadi wa chini kabisa, nikazima na Windows Search. Baada ya hapo niliandika barua na kufungua kurasa mbili tatu bila kuganda.

Jambo lililotisha wengi ni mstari wa Free kwenye Task Manager unaokaribia sifuri. Hapo RAM haijaisha. Windows inaijaza kwa vitu inavyodhani utavihitaji, na programu ikitaka nafasi inaachiwa papo hapo. Mstari wa kuuangalia ni Available, ambao kwenye Windows Vista, iliyotangulia 7, haukuwepo ndani ya Task Manager. Ukiona Available imeshuka sana na taa ya diski haizimi, hapo ndipo RAM imekwisha kweli.

Mdau wa Mombasa

Ahsante mkuu kwa mada. Yangu ni laptopu ya Core 2 Duo yenye chipseti ya Intel 945. Windows 7 RC (toleo la majaribio lililofuata Beta) ya biti 32 ilikuwa inaniachia kama GB 3 kati ya 4 nilizoweka. Kila mtu akaniambia weka ya biti 64, tatizo litakwisha. Nikaweka. Kwenye sifa za kompyuta ikaandika GB 4 zimewekwa, zinazotumika 3.

Sababu ni kwamba chipseti ile ina anwani (namba za kuifikia kila sehemu ya RAM) za GB 4 tu, hata prosesa iwe ya biti 64. Vifaa vingine, kadi ya picha ikiwemo, navyo vinahitaji anwani, na vinazichukua humo humo kuanzia juu. RAM iliyoangukia kwenye anwani hizo inakosa mlango wa kufikiwa. Kwenye chipseti za baadaye ipo njia ya kuihamishia juu ya GB 4, na BIOS nyingi huiita Memory Remap. Kwenye 945 usihangaike kuitafuta, haipo. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujatoa hela ya kijiti cha pili cha RAM, soma kwanza jina la chipseti yako. Nimeona vijana wanauziwa GB 4 za mashine hizi na muuzaji anajua fika kwamba robo nzima haitatumika. Inaniuma sana.

Mdau wa Nairobi

Yangu ni netbook (laptopu ndogo) yenye prosesa ya Atom N270, RAM GB 1, Windows 8 Consumer Preview ya Februari 2012. Ina sloti moja tu ya RAM na mwisho wake ni GB 2, kwa hiyo nilienda Luthuli Avenue nikabadilisha. RAM ikatosha kabisa. Kilichonigomea ni kioo: programu za Duka la Windows zilitaka kioo cha pikseli 1024 kwa 768, na changu ni 1024 kwa 600. Mwenye netbook aangalie yote mawili kabla ya kununua.

Mdau wa Arusha

Mimi niko upande wa Ubuntu, mfumo wa Linux, na hapa pana jambo ambalo bado linanikera. Mwaka 2012 nilijaribu toleo la majaribio la 12.10 kwenye laptopu ya Pentium M yenye MB 512. Ikasimama palepale mwanzoni, kwenye maandishi meupe, ikisema prosesa haina PAE. Ikumbukwe kwamba kazi ya PAE ni kuiwezesha mashine ya biti 32 kuona zaidi ya GB 4 za RAM. Mwenye MB 512 anazuiwa mlangoni kwa kukosa kitu ambacho hatakihitaji maisha yake yote. Nilirudi Lubuntu 12.04 (ndugu mwepesi wa Ubuntu), ambayo ilikuwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, isiyodai PAE. Baadaye ikajulikana kuwa Pentium M nyingi zinayo PAE ila hazijitangazi, na kuanzia 14.04 ukaweza kuandika forcepae wakati wa kuwasha ikapita. Mwenye mashine ya namna hiyo asiitupe.

Mzee wa Tanga

Vijana, kuna wakati RAM ilikuwa inakataa kwa kuzidi. Halikuwa toleo la majaribio, lakini somo ni lile lile. Windows 98 na Me ukiziwekea zaidi ya MB 512 zilikuwa zinaweza kukwambia kumbukumbu haitoshi. Akiba ya diski, Vcache, ilijitanua kulingana na RAM mpaka ikamaliza anwani. Dawa ilikuwa kufungua faili la system.ini, na chini ya [vcache] kuandika MaxFileCache=524288. Unahifadhi, unawasha upya, inapita.

Mdau wa Dodoma

Nataka kujaribu Windows 11 ya Insider (matoleo ya majaribio ya Microsoft). Laptopu ina GB 4. Nitapata shida?

Mleta mada

GB 4 ndicho kiwango cha chini cha Windows 11, kwa hiyo itaingia ikiwa prosesa na TPM 2.0 (chipu ya usalama) vimekidhi, ila kivinjari kitaibana. Usiiweke kwenye kompyuta ya kazi. Windows 7 RC ilianza kujizima kila baada ya saa mbili kuanzia Machi 1, 2010, na kuna watu walikuwa wanaitegemea kwa kazi za ofisi. Kwanza fungua dirisha la PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_PhysicalMemoryArray | Format-List MaxCapacity, MemoryDevices. Namba ya kwanza ni kikomo cha RAM kwa KB, kwa hiyo 8388608 ni GB 8. Ya pili ni idadi ya sloti. Kuna BIOS zinazotoa namba isiyo sahihi, kwa hiyo linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Weka hapa majibu yote mawili na jina la chipseti, tukuangalizie kabla hujanunua chochote.