Kununua kazi za mikono Kyoto bila kodi, mnisaidie kabla sijapanda ndege

MwanaBombo
Salaam wadau, nina swali na naomba msinicheke. Kazini wamenichagua kwenda Japani Novemba 2026, mafunzo yenyewe yako Osaka wiki mbili na kitu, lakini wikendi tuko huru na mimi nimeshaapa lazima nifike Kyoto maana ni nusu saa tu kwa treni. Shida ni mama. Mama yangu hapa Bombo anasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula, na vikapu tangu kabla sijazaliwa, sasa ukimletea kitu cha kiwandani ukamwambia ni cha mkono anakiangalia mara moja, anakiweka chini, ananyamaza, na kile kimya chake mimi nakijua. Kwa hiyo nataka kitu cha kweli. Halafu nasikia mgeni akinunua huko halipi kodi, mmoja ananiambia unaonyesha pasipoti dukani, mwingine anasema hapana, ni dyuti frii ya eapoti. Ni ipi sasa? Bajeti ni kama elfu mia sita za Uganda, tafadhali msinipeleke kwenye kimono za mamilioni.

DadaWaArua
Kaka karibu, hapo unachanganya vitu viwili na hata mimi nilichanganya. Dyuti frii ya eapoti ni ile ya pafyumu na pombe na chokoleti, kazi za mikono utapata chache na ni zile za watalii. Ya mjini ndiyo unayoitaka: duka limebandika stika ya bila kodi mlangoni, wenyewe wanaita menzei, likumbuke hilo neno. Kinachoondolewa ni kodi ya matumizi, kama VAT yetu ila yao ni asilimia 10 si 18, na lazima ununue kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi, duka moja, siku moja. Hiyo 5,000 ni kama elfu 120 zetu.

Mimi nilienda 2023, acha nikusimulie nilivyoumia. Kwenye zile ngazi za kupandia hekalu la Kiyomizu maduka yamebanana kama Kikuubo ya Kampala, nikachukua bakuli la udongo yeni 3,200 duka la kwanza, nikavuka nikachukua feni ya mkono ya kukunja yeni 2,900 duka la pili, nikajumlisha risiti zangu kichwani nikasema nimeshavuka. Wapi! Keshia akainama, akatabasamu, akainama tena, jibu likabaki ni hapana, kila duka na hesabu yake. Nikarudi la kwanza kuongeza bakuli lingine ili nifike, wakataka pasipoti, nikawapa picha kwenye simu, hawataki picha. Pasipoti ipo hotelini. Nikapanda basi kwenda na kurudi kwa ajili ya yeni mia sita, ukipiga hesabu na nauli nilibaki na faida ya soda moja, banange. Kwa hiyo pasipoti itembee na wewe. Ukishaonyesha wanakutolea kodi palepale kwenye kaunta, unalipa bei ya chini unaondoka.

Kasese_Tulivu
Dada umeeleza vizuri ila hiyo ya kutolewa kodi palepale kwa huyu ndugu haitafanya kazi. Yeye anaenda Novemba 2026 na wenyewe wanabadilisha utaratibu kuanzia tarehe 1 mwezi huohuo. Sasa itakuwa hivi, dukani unaonyesha pasipoti kama kawaida lakini unalipa bei YOTE pamoja na kodi, halafu siku ya kuondoka unapita forodha ya eapoti kabla ya kukabidhi begi, unaskani pasipoti, wao wakithibitisha mali inatoka nchini ndipo unarudishiwa pesa yako. Una siku 90 tangu ununue. Kile kiwango cha yeni 5,000 kimebaki.

Mtego uko kwenye begi. Forodha wanaweza kukwambia tuonyeshe hilo bakuli, sasa kama umeshakabidhi begi kwenye kaunta ya ndege na bakuli limo ndani utaonyesha nini? Forodha kwanza, begi baadaye. Hivyo fika mapema, na usifunge vitu na utepe wa gundi mita kumi. Pia usitume kwa posta wewe mwenyewe ukategemea kurudishiwa, hairudi hiyo. Ile habari ya zamani ya vyakula na vipodozi kufungwa kwenye mfuko usifunguliwe mpaka utoke nchini imeondolewa.

Na pesa yenyewe uwe nayo kwenye bajeti, maana utalipa kamili kwanza.

MwanaBombo
Eh, kumbe! Asanteni sana, nilikuwa nishajipangia kupunguziwa pale pale. Haya, kodi nimeelewa. Sasa kitu chenyewe? Na mtu anaweza kubembeleza bei?

FundiMbao_Jinja
Kubembeleza bei sahau, si soko la Owino kule, bei iliyoandikwa ndiyo hiyo na ukisukuma sana unamwaibisha mwenye duka.

Kuhusu kitu, mimi ni seremala nitasema ninachokijua. Watu wanakimbilia mabakuli meusi na mekundu yanayong'aa, wanaita urushi, ni utomvu wa mti unapakwa tabaka juu ya tabaka. Ya kweli ni nzuri mno na ni ghali, lakini dukani utakuta ya plastiki imepakwa rangi na kwa macho huwezi kutofautisha. Geuza usome lebo. Kule lebo inataja ndani ni nini na juu kumepakwa nini, hapo kwenye kilichopakwa juu tafuta herufi hii 漆, hiyo ndiyo urushi. Ukiikosa ujue ni rangi ya kawaida. Hata bei itakwambia. Na uikinge na jua kali na maikrowevu.

Kuna pia alama ya serikali yao ya kazi za jadi, sheria ni ya 1974, haipewi kitu mpaka ufundi wake uwe umedumu kama miaka 100. Kabla hujanunua chochote pita makumbusho ya kazi za mikono ya Kyoto pale Okazaki, wameweka aina 74 za mji huo, nguo za mtaa wa Nishijin, feni, mianzi, wanasesere. Saa moja pale jicho linazoea, ndipo uende madukani.

Lakini kwa mama yako msusi mimi ningempelekea chasen. Ni kifagio kidogo cha kukorogea chai ya unga ya kijani, kinatoshea kiganjani. Kipande KIMOJA cha mwanzi, mtu anakichana kwa kisu mpaka nyuzi themanini na zaidi, nyembamba kama nywele za mswaki, nusu zinabaki nje nusu zinakunjwa ndani, halafu zinatenganishwa kwa uzi mweusi. Hakuna gundi wala msumari. Nilishika moja nikakaa nayo kama mtoto. Zinatoka Takayama, jimbo la Nara, jirani na Kyoto, uliza hilo jina maana nyingi za bei rahisi zinaletwa kutoka China. Bajeti yako inatosha na chenji inabaki. Ni kama lubugo yetu, ile nguo ya gome, huambiwi thamani yake mpaka uone mtu anavyogonga gome la mti wa mutuba kutwa nzima.

DadaWaArua
Nakubaliana na fundi. Mimi nilimletea shangazi kikapu cha mwanzi, hakuangalia juu kabisa, alikipindua akatafuta mahali msusi alipoanzia, akapitisha kidole, akasema "huyu mkono wake wa kushoto ndio wenye nguvu." Mpaka leo sijui alijuaje.

MwanaBombo, kuna soko la hekalu la Toji tarehe 21 kila mwezi, wanapanga chini nguo za zamani, vyungu, vikapu, bei nafuu kweli. Ila pale usitafute menzei, wengi ni watu na meza zao, beba keshi.

MwanaBombo
Nimefungua kalenda sasa hivi. 21 Novemba ni Jumamosi!! Nipo huru!

Kasese_Tulivu
Amka saa kumi na moja basi. Na kama utanunua kisu chochote kwa ajili yako, kisu ni begi la chini, wala usijaribu kuingia nacho kwenye ndege.