Maneno ya moyo kwa Kihispania: "fibrilación auricular paroxística"

Mama Zuhura, Valencia:
Ndugu zangu, salamu. Juzi usiku nilipelekwa urgencias (kitengo cha dharura) baada ya moyo kunienda mbio kwa saa nzima, na nilipotoka nilikabidhiwa informe yenye maneno "fibrilación auricular paroxística, solicitar Holter". Asubuhi nilikwenda dirishani kuomba cita (miadi), nikaambiwa kwamba bila volante (karatasi ya rufaa) sipangiwi siku. Simu yangu imetafsiri "auricular" kuwa kisikilizio cha masikioni. Naomba kujua maana ya maneno hayo, na volante yenyewe huandikwa na nani.

Bakari, Barcelona:
Pole sana, Mama Zuhura. Aurícula ni chemba ya juu ya moyo. Kwa Kilatini neno hilo ni sikio dogo, ndipo simu yako ilipopotelea. Fibrilación ni chemba hiyo kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, na paroxística ni kwamba hali huja na kuondoka. Mimi ninayo FA (ndiyo hiyo fibrilación auricular) tangu 2019, na dawa ya Sintrom ndiyo inayouweka moyo wangu sawa.

Bi Neema, Madrid:
Bakari, usiwapotoshe watu. Sintrom hairekebishi mapigo hata kidogo. Huzuia damu isigande ndani ya chemba hizo, kwa sababu donge likichomoka likafika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Unadhani kidole hutobolewa kupima INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) kwa ajili gani?

Bakari:
Bi Neema, nilifupisha tu. INR yangu ni 2.4, na nafahamu ninachokimeza.

Salim, Bilbao:
Tuyaache hayo. Mwaka wa kwanza hapa nilimwambia muuguzi "el corazón corre" (moyo unakimbia), naye akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nikifanya mazoezi. Kumbe husemwa "tengo palpitaciones", na pigo moja likiruka husemwa "me dan vuelcos", ambalo daktari mara nyingi huliandika extrasístoles. Kule Tanga ningesema "moyo unanidunda" na hata muuza duka la dawa angenielewa. Holter, kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, nilivaa saa 24, waya zimebandikwa kifuani, na nikapewa karatasi ya kuandika kila nilipohisi jambo na saa yake. Nililala kama gogo, nikiogopa kugeuka.

Mama Zuhura:
Nawashukuru nyote, angalau nimejua kwamba masikio yangu ni mazima. Ila kesho saa mbili asubuhi niko tena dirishani, na ile volante bado sijaambiwa anaiandika nani.