Yadi iliniuzia gari la "kilomita 78,000 halisi", fundi wa Iringa akakuta stika ya Kijapani imeandikwa 131,240

Wakuu, salaam. Hasira bado ninayo, kwa hiyo mnisamehe kama nitarukaruka. Jina la yadi silitaji, shauri halijaisha na mwanasheria amenikanya. Aina ya gari nayo naiacha, gari lenyewe halina kosa. Ni SUV ndogo ya Kijapani, cc 2000, ya mwaka 2008, giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda. Wenye nazo mmeshajua.

Mimi ni mtumishi wa umma. Hela ya gari nilikopa benki, makato ni miaka sita, na gari nilinunua milioni 21 na nusu. Kila tarehe ya mshahara nakatwa hela ya gari ambalo lilinifikisha mlima Kitonga likagoma.

Nianze na Kitonga. Desemba 2024 tunakwenda Iringa na familia, wiki ya saba tangu nichukue gari. Mikumi tumepita salama, Ruaha Mbuyuni tumesimama kununua vitunguu, mama mkwe kakaa nyuma kakumbatia ndoo yake. Tumeanza kupanda, kona ya tatu au ya nne, mbele kuna lori la mafuta linajikongoja. Nikakanyaga mafuta nilipite. Injini ikalia, mshale wa mizunguko ukapanda, gari haliendi. Nakanyaga zaidi, linalia zaidi, mwendo unashuka: arobaini, thelathini, ishirini. Nyuma yangu basi linapiga honi. Likasimama kabisa pale pale kwenye kona, bonde liko kushoto. Utingo wa Fuso ndiye aliyeshuka kutukatia matawi na kuyatandaza barabarani. Mungu ambariki, hata jina sikumuuliza.

Likapoa dakika arobaini hivi, nikaingiza D, likakubali. Nikajua ni joto tu. Tukafika Ilula likafa tena, safari hii halikuamka. Bredauni hadi Iringa mjini shilingi 250,000, mama mkwe na watoto wakapanda Noah.

Fundi niliyempata Iringa ni mzee mmoja mpole. Hakukimbilia mashine. Alichomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akadondoshea matone mawili kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Meusi tii, yananuka kama maharage yaliyoungulia chunguni. Akaniambia, "Mama, haya hata si mafuta yake. Hapa wamemimina ATF ya kawaida."

Kwa wasiojua: ATF ni mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, na CVT haina gia za meno tulizozoea. Ni mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachozibana puli ni presha ya yale mafuta. Kazi yake si kulainisha tu. Ukiweka mafuta yasiyo yake mkanda unateleza, ukiteleza unakwaruza puli, chuma kinasagika na kuingia kwenye mafuta, na hapo giaboksi inajila yenyewe. Mjini utazunguka nalo miezi usijue. Mlima mrefu, abiria watano na mizigo, ndiyo inaumbuka.

Halafu akafungua kifuniko cha boksi la fyuzi, pale pembeni ya betri, akakigeuza. Akacheka. "Mama, uliambiwa limetembea ngapi?" Nikamwambia sabini na nane elfu. Akanionyesha stika ndogo ya njano imebanduka pembe moja, maandishi ya Kijapani, namba zimeandikwa kwa kalamu: 28, 6, 14, na chini yake 131,240.

Nilielekeza kamera ya simu yenye kutafsiri. Ikaja: kubadilisha mafuta. Ile 28 nilidhani ni tarehe. Kumbe Wajapani huhesabu mwaka kwa utawala wa mfalme wao, na mwaka wa 28 wa Heisei, jina la utawala wa wakati ule, ni 2016. Yaani Juni 14, 2016 gari hili lilikuwa na kilomita 131,240. Mimi nimelichukua Oktoba 2024 dashibodi inasoma 78,412, na picha ninayo, niliipiga siku ile kwa furaha ya mwenye gari jipya. Miaka minane baadaye limepungua kilomita 52,828! Na hizo ni zile tunazoweza kuzithibitisha. Lilitembea ngapi kuanzia 2016 anajua aliyelishusha.

Nikaenda kuangalia nguzo ya mlango wa dereva, mahali ambapo gereji za Japani hupenda kubandika stika hizi. Pana gundi. Mstatili safi wa gundi iliyokusanya vumbi. Waliibandua ile, ya kwenye fyuzi wakaisahau.

Sasa niwaambie nilivyouzwa, maana sikwenda kichwakichwa. Nilikwenda na fundi wangu, ananitengenezea gari la zamani miaka minne. Akazunguka, akafungua boneti, akasikiliza injini, akasema, "Dada, chuma hii, chukua." Niliporudi Dar nikampigia. Akababaika weee, mwisho akakiri: "Dada, walinipa ya maji tu." Ya maji yenyewe ilikuwa laki moja. Mimi nilimpa elfu thelathini na chipsi kuku. Kwa hesabu hiyo unaona alikuwa anamfanyia kazi nani.

Siku ile nilipogusa boneti ilikuwa ya moto. Nikauliza, muuzaji akasema wamelisogeza tu kidogo. Kumbe gari bovu linapashwa kabla mteja hajafika, kwa sababu mengi yanajionyesha injini ikiwa ya baridi: moshi, mlio wa kuwakia, gia kuchelewa kushika. Siku hizi namwambia kila mtu: mwambie muuzaji utafika saa sita mchana, ufike saa moja na nusu asubuhi.

Na ule mzunguko wa majaribio, jamani. Wanakupeleka hadi sheli ya jirani na kurudi, barabara tambarare, AC imewashwa, redio imewashwa. Zima redio. Zima AC. Halafu usikubali chini ya nusu saa, panda nalo kilima. Aliye Dar apande nalo Kimara mpaka Mbezi, au aende Pugu. Wakikataa gari lisitoke mbali, mshukuru muuzaji na uondoke, amekwisha kujibu.

Vitu vingine nilivyoviona kwa macho yangu na sikuvisoma: mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia mpaka chuma kinachungulia. Usukani umeng'aa saa nne na saa nane kama sufuria iliyosuguliwa. Kiti cha dereva kimelala ubavu wa kushukia, wakati cha abiria kipo kama kilivyotoka kiwandani. Gari la kilomita 78,000 halichakai hivyo. Nilivitazama vyote hivyo, muuzaji akasema, "Wajapani wana miguu mizito dada." Nikacheka naye!

Nimerudi yadi Januari. Yule kijana aliyekuwa akiniita "dada yangu kipenzi" ananitazama kama hanijui. Akaniingiza kwa meneja. Swali la kwanza la meneja: "Mzee yuko wapi? Tungeongea na mzee." Nikamwambia mzee hajakopa, aliyekopa ni mimi. Nikaweka kifuniko cha fyuzi mezani. Hakukitazama hata sekunde tano. Akatoa mkataba wangu kwenye faili, karatasi moja, akaweka kidole kwenye mstari: "Gari limeuzwa kama lilivyo na mnunuzi ameridhika." Akasema, "Umesaini mwenyewe, mama. Na gari ni mashine, mashine inaharibika."

Nikamwambia sibishanii giaboksi. Nabishania namba. Nyinyi mliandika namba.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunakwenda kulia giaboksi imekufa, wanatucheka, maana gari la miaka kumi na sita linaweza kufa giaboksi kihalali kabisa. Lakini walitangaza kwenye status ya WhatsApp, na mimi nilikuwa nimepiga picha ya skrini ili nimwonyeshe dada yangu: picha ya gari, bei, na maneno "KM 78,000 HALISI, HALIJATEMBEA BONGO". Hiyo ni kauli. Imeandikwa na wao, na ni ya uongo.

Rafiki yangu mwanasheria alinisomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: ridhaa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hiyo ya mwisho iko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, malalamiko unapeleka mwenyewe kwa maandishi. Maneno "kama lilivyo" hayamfanyi mtu awe na ruhusa ya kukudanganya lilivyo ni vipi.

Barua ya madai ilipowafikia ndipo simu zikaanza. Ghafla nimekuwa dada tena. Wakaja na laki nane "tusaidiane", kwa sharti nisaini karatasi kwamba nimeridhika na sina madai. Laki nane! Giaboksi ya mtumba kutoka Japani nimenunua milioni 2.6, ufundi laki tatu na nusu, mafuta yake halisi ya CVT sitaki hata kuyataja bei. Nikawaambia karatasi ya kuridhika nimeshasaini moja, inatosha.

NAONGEZA, nimesoma maoni yenu.

Mnaouliza "kwa nini hukuagiza mwenyewe Japani": kwa sababu niliogopa kutapeliwa mtandaoni, nikaona bora nitapeliwe na mtu ninayemwona. Ila mna hoja. Anayeagiza anaweza kudai karatasi ya mnada. Kule kwenye minada ya Japani gari hupewa daraja, 4 au 3.5 na kuendelea, na likiandikwa R ujue lilipata ajali likatengenezwa. Na kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, kiko wazi, ukiingiza gari lako unajua ushuru kabla hujatuma senti. Kumbuka tu gari likizeeka kuna ushuru wa uchakavu juu.

Mliosema kilomita haziwezi kujulikana kwa gari la yadi, si kweli. Gari linapotoka Japani hutolewa cheti cha kuuzwa nje, na humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa mwisho. Aliyelitoa bandarini alikuwa nacho. Omba nakala. Mimi niliambiwa "zipo kwa wakala, zitakuja", nikangoja, hazikuja mpaka leo. Ningekuwa na akili ningesema hela nazo ziko kwa wakala, zitakuja.

Baadhi ya magari pia huhifadhi kilomita kwenye kompyuta nyingine mbali na dashibodi, mtaalamu mwenye mashine nzuri anaweza kuzisoma. Si magari yote, kwa hiyo msimlaumu fundi akikosa.

Aliyeuliza risiti: ndiyo, nilidai ya EFD, ile mashine ya kodi, wakaandika milioni 15 badala ya 21.5, wakasema ni "utaratibu". Nilikataa, tukavutana mpaka saa kumi na moja jioni, wakatoa ya kiasi kamili. Siku ile nilijiona mkorofi. Leo mwanasheria anasema hiyo risiti ndiyo uti wa mgongo wa shauri, maana bila hiyo ningekuwa nadai milioni sita na nusu zisizo na karatasi.

Na wewe uliyeandika "wanawake mnapenda rangi tu": gari ni la kijivu.

Wamenipigia Ijumaa, wanataka tuonane Jumatatu saa tatu asubuhi, nije na "hicho kidude". Siji nacho. Nitapeleka picha. Kifuniko chenyewe kimefungwa kwenye bahasha na kiko ndani ya kabati la mwanasheria, na gari linatembea na kifuniko cha mtumba nilichonunua mtaa wa Gerezani, Dar, kwa elfu kumi na tano.